Msimu wa kwanza wa UTSA na hesabu ya watu 56,743

Timu mpya ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Texas huko San Antonio, UTSA, ilimaliza msimu wake wa kwanza, mwaka 2011, ikiwa imeshinda michezo minne na kupoteza sita, na wanaoibeza hawakosi pa kuanzia. Katika mchezo wa pili tu, tena nyumbani, ilifungwa 24-21 na McMurry, chuo kidogo cha Abilene, Texas, kilichokuwa katika daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ambako ni marufuku kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Kocha Larry Coker, aliyekipa Chuo Kikuu cha Miami ubingwa wa taifa wa msimu wa 2001, hakuajiriwa ili apate matokeo ya namna hiyo.

Hata hivyo, kipigo hicho kinaeleza machache kuliko inavyodhaniwa. Coker alipoajiriwa mwaka 2009 chuo hakikuwa na mchezaji hata mmoja, mwaka 2010 ulipita kwa mazoezi bila mashindano, na wengi aliowaingiza uwanjani walikuwa vijana ambao hawakuwahi kucheza mchezo wowote wa chuo.

Kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni watu 56,743 waliojaa uwanja wa Alamodome tarehe 3 Septemba 2011 kuiona timu hiyo ikiifunga timu ya chuo cha Northeastern State 31-3. Ni kweli kwamba wageni wa siku ya kwanza huvutwa na upya wa jambo, na hesabu hiyo peke yake isingetosha kuwa hoja. Lakini wastani wa michezo ya nyumbani ulizidi 35,000, hata baada ya aibu ya McMurry, katika chuo ambacho wanafunzi wake wengi walikuwa na sifa ya kuja darasani na kurudi makwao bila kuacha nyayo. Jiji lenye wakazi zaidi ya milioni 1.3, lililojenga uwanja huo miaka ya 1990 kwa tamaa ya kupata timu ya NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, ambayo haikuja, lilikuwa na kiu ambayo Spurs wa mpira wa kikapu hawakuweza kuikata. Kuiita hamasa hiyo ubadhirifu, kama wakosoaji wengine walivyofanya, ni kutoijua San Antonio.

Hoja nzito ya wakosoaji iko kwenye ada. Mwaka 2007 wanafunzi walipiga kura kukubali nyongeza ya ada ya michezo ili timu ianzishwe. Aliyeanza masomo mwaka huo na kumaliza kwa miaka minne aliondoka kabla ya mchezo wa kwanza, ilhali waliokuja baadaye walilipishwa kwa uamuzi wa kura ambayo hawakuipiga, wakiwemo wale wanaofanya kazi usiku na wasiokanyaga uwanjani. Hilo halijibiwi kwa kuonyesha idadi ya watazamaji, wala kwa ushindi wa michezo minane mwaka 2012 au ubingwa wa ligi ya vyuo ya Conference USA mwaka 2021, kwa kuwa mafanikio ya timu hayamrudishii mlipaji fedha yake.

Jibu la haki lingekuwa kuwapa wanafunzi nafasi ya kuipigia kura ada hiyo upya kila baada ya miaka michache. Kwa umati ule wa 2011, sioni kwa nini watetezi wa timu waiogope kura hiyo.