Ulingo mwepesi ni wa asiye na shamba

Mwezi uliopita, harusini Columbus, ndugu mmoja kutoka Kongo aliniuliza mbele za watu kama ni kweli nililipa dola 400 kwa kiti cha kukalia mtini. Yeye chake ni cha chuma, alikipata kwa dola 150, na msimu uliopita aliangusha kulungu wawili. "Ndugu yangu, hizo 250 zilizozidi ulinunulia nini?" Karibu meza nzima ilimuunga mkono. Swali lake ni la haki na jibu nililompa lilikuwa fupi mno, kwa hiyo naliandika hapa kwa urefu, maana naona sasa Waswahili wengi wa huku Ohio, Marekani, wanaingia katika uwindaji na kila mmoja atafika dukani na swali hilo hilo.

Kitu chenyewe nakiita ulingo, kwa maana ya zamani ya neno: jukwaa la mtu anayeamia ndege shambani. Huu wa kupandia una vipande viwili, kiti juu na jukwaa la miguu chini, na kila kipande kina waya mnene unaozunguka shina. Ukikaa, unainua jukwaa kwa miguu iliyofungwa humo. Ukisimama, unainua kiti kwa mikono. Unakwenda hivyo kidogo kidogo hadi mita 5 au 6. Aliyemwona mkwezi wa Tanga au Pemba akipanda mnazi na kitanzi chake miguuni keshaelewa. Ila mkwezi huangua nazi akashuka. Mwindaji hukaa huko juu saa 4 au 5, kimya, akingoja kulungu wa mkia mweupe apite upande ambao upepo haupeleki harufu ya mtu.

Sasa mizani. Ulingo wa chuma wa dola 150 hadi 200 una uzito wa kilo 13 au 14. Ule wa alumini unaojulikana zaidi, Viper wa kampuni ya Summit ya Decatur, Alabama, una kilo 9 na unabeba mtu wa hadi kilo 136. Bei yake inazunguka dola 400. Juu yake wapo wembamba wa kilo 6 au 7, na hao hupita dola 500 kirahisi. Kwa hiyo mabishano yetu ya harusini yalikuwa juu ya kilo 4 na nusu, karibu mfuko mmoja wa unga wa kilo 5.

Upande wa ndugu yangu una hoja, na sitazipunguza. Kulungu hajui bei ya kiti. Chuma kilichochomelewa vizuri hakipindi, hakipigi kelele kama alumini ikigongana, na kikitunzwa kavu kinadumu. Kwa mtu anayelipa nyumba, gari na kutuma nyumbani kila mwezi, dola 250 zina kazi nyingine. Tena ulingo wa kupandia, mwepesi au mzito, una masharti: unataka shina lililonyooka, lisilo na matawi, si jembamba mno wala nene mno. Misonobari ya Alabama iko hivyo kwa maelfu. Misitu ya huku kwetu ina mialoni inayotanda matawi kuanzia kichwani pa mtu, na mbele ya mti kama huo dola zako 400 zinabaki mgongoni. Na anayetaka wepesi kweli, siku hizi lipo tandiko: unavaa kiunoni, unaning'inia kwa kamba, unapanda kwa vipande vya ngazi. Linakaa ndani ya begi. Ukijumlisha tandiko, vipande vya ngazi na kijukwaa cha kukanyagia, bei inafika pale pale au inapita, lakini mwenye tandiko anaweza kupanda hata ule mwaloni.

Ninachoona hakieleweki ni jambo moja. Watu wanaupima wepesi kama anasa, kama rimu za gari, wakati kwa sehemu kubwa ni suala la ardhi. Karibu asilimia 95 ya ardhi ya Ohio ni mali ya watu binafsi. Mwenye shamba, au rafiki wa mwenye shamba, hahitaji kubeba chochote. Ananunua ulingo wa ngazi mzito, anaufunga kwenye mti mwezi wa 8, anauacha hapo mpaka Februari. Anakwenda mikono mitupu, na uzito kaulipia siku moja tu.

Sisi wengine tunawinda kwenye ardhi ya umma: msitu wa taifa wa Wayne (Wayne National Forest) huko kusini-mashariki, na maeneo ya wanyamapori ya jimbo. Katika maeneo hayo ya jimbo huruhusiwi kujenga ulingo wa kudumu, wala kupigilia msumari au chuma mtini kiwe ngazi. Kwenye hifadhi za shirikisho za wanyamapori kanuni inakataza hata kuwinda ukiwa juu ya mti ambao mwingine aliwahi kuupigilia msumari ili umshikilie mwindaji. Hata panaporuhusiwa kuacha ulingo wa kubeba, ukiuacha unaweza kurudi ukaukosa. Kwa hiyo unauingiza alfajiri na kuutoa jioni, kila siku unayowinda. Msimu wa upinde unaanza mwishoni mwa Septemba na kuishia mwanzoni mwa Februari. Mtu wa kazi za zamu, anayepata Jumamosi na siku chache za likizo, akienda mara 20 atakuwa ameubeba mara 40. Anayetozwa kwa kila kilo ni yule asiye na ekari hata moja. Ndiyo maana nashtuka nikisikia kiti chepesi kinaitwa cha kujionyesha.

Na kilo zenyewe hazifanyi kazi kama zinavyofanya nyumbani. Karibu na maegesho kila mtu yupo, na kulungu wanajua hilo kuliko sisi. Inabidi uingie ndani, kilomita moja na nusu, mbili, gizani, juu ya vilima, na tochi ya kichwani. Pamoja na ulingo una upinde, mkanda wa usalama wa kukufunga mtini usianguke, kamba, maji na nguo nzito za kukalia zilizofungwa juu, kwa sababu ukizivaa unapotembea utaloa. Ukiloa Novemba umeharibu mambo mawili. Jasho linatoa harufu ambayo kulungu anaipokea kutoka mbali, halafu baada ya nusu saa ya kukaa bila kusogea linageuka baridi mpaka mgongoni. Nimeshuka mapema mara nyingi kwa sababu hiyo, jua halijapanda vizuri, huku nikijua kabisa kwamba kulungu wangepita saa 3. Kiti cha chuma nilichokuwa nacho wakati huo kilikuwa cha bei nafuu, naam, lakini kilikuwa kinanilia muda uleule nilioamka saa 9 usiku kuutafuta.

Na ukibahatika, unarudi na mnyama. Dume aliyetolewa matumbo bado ana kilo 50 au 60 za kuburuta. Ulingo mzito maana yake ni safari mbili.

Lakini kinachonisumbua kuliko yote ni kuanguka. Upo utafiti wa vituo viwili vikubwa vya majeruhi vya katikati ya Ohio uliohesabu watu 130 walioumia katika uwindaji kati ya 1998 na 2007. Nusu yao walikuwa wameanguka. Waliopigwa risasi walikuwa 29 kwa 100. Na katika walioanguka, 92 kwa 100 walianguka kutoka kwenye ulingo. Mtu atasema ni walevi. Pombe ilionekana kwa chini ya 3 kwa 100. Mama yangu akipiga simu kutoka Tanga huniuliza juu ya bunduki kila mara, na huniombea dua nisipigwe risasi na mtu. Hajaniuliza juu ya mti hata siku moja. Na nani amlaumu, wakati hata mimi nilipokwenda kwenye mafunzo ya lazima ya wawindaji, macho yangu yote yalikuwa kwenye bunduki pale mezani. Majeraha ya wale walioanguka yalikuwa mengi ya uti wa mgongo. Ukiwa mgeni katika nchi hii, unalipwa kwa saa, unalisha nyumba mbili, uti wa mgongo ndio mtaji.

Utafiti ule hausemi kwamba ulingo mzito huangusha watu, nami sitauongezea maneno. Ninachoweza kusimulia ni asubuhi moja ya msimu wangu wa pili. Nilikuwa na ulingo wa chuma wa kuazima. Nilifika mtini nimechelewa, nimeloa, mikono inatetemeka kwa kubeba, na mbingu ilikwisha anza kupauka. Kati ya kiti na jukwaa kuna kamba ya kuviunganisha, kitu cha kufunga kwa sekunde 10, nami nikasema nitaifunga nikifika juu. Nikiwa kama mita 4, nilipochomoa mguu mmoja kurekebisha, jukwaa lililegea shinani na kuteleza hadi chini kwa kishindo. Nikabaki nimekalia kiti, miguu inaning'inia hewani, mkanda umeshika. Nilimpigia simu mwenzangu aliyekuwa ng'ambo ya kilima. Alifika baada ya saa nzima, akaifunga kwenye jukwaa ile kamba niliyoiteremsha, ya kuvutia upinde, akawa analisukuma kwa tawi mimi nikivuta, mpaka nyayo zikakanyaga tena. Kosa lilikuwa langu, na ulingo wa dola 400 nao ungeanguka vilevile bila ile kamba. Lakini najua niliruka hatua ile kwa sababu ya uchovu na haraka, na uchovu ule niliubeba mgongoni kutoka maegesho.

Upande wa pili unaweza kuugeuza mfano huo: kiti chepesi kinakutia moyo uende mbali zaidi peke yako, mahali ambapo mwenzako hatakufikia kwa saa moja wala simu haishiki. Ni kweli, na sina jibu zuri zaidi ya kumwachia mtu wa nyumbani ramani yenye alama na saa ya kurudi.

Hapo ndipo hesabu yangu ya fedha inapopinda kidogo. Kutoka kilo 14 kushuka 9, lipa ukiweza. Kutoka 9 kushuka 6, nisingelipa. Kilo 3 hizo zinatolewa kwenye upana wa jukwaa na unene wa kiti, na mtu asiyekaa vizuri hatatulia, na asiyetulia kulungu anamwona. Dola ile mia na zaidi iende kwenye mkanda. Malingo yenye cheti cha chama cha watengenezaji wa malingo huja na mkanda wa mwili mzima ndani ya boksi, lakini mara nyingi ni mgumu kuvaa juu ya koti, na kinachosumbua kuvaliwa huachwa garini. Nunua unaokukaa, ufunge kwenye mti kabla miguu haijaacha ardhi, na uusogeze kila unapopanda. Watengenezaji wengi huelekeza uachwe baada ya miaka 5 hata kama unaonekana mzima. Gharama hiyo inawahusu wote wawili, wa chuma na wa alumini, na ndugu zangu wengi hawaihesabu kabisa wanapolinganisha bei.

Na huyo ndugu wa harusini? Baadaye, tukiwa nje, nilimuuliza anawinda wapi. Kwa bosi wake, akasema, shamba la mahindi; gari linafika hatua 100 kutoka kwenye mti. Basi yuko sahihi kabisa. Ningekuwa yeye nisingetoa hata dola 10 zaidi. Aliyemsikiliza pale mezani, anayekaa fleti na atakayewinda Wayne, ndiye ninayemwogopea, asije akanunua kwa hesabu ya shamba ambalo hana. Kama dola 400 ni nyingi, na ni nyingi, asubiri Februari. Msimu ukiisha watu huuza, na ulingo wa alumini wa misimu mitatu unaweza kupatikana kwa bei ya chuma kipya. Auangalie waya kwa vidole, kila pingili, aangalie nyufa pale panapokutana vyuma, na asikubali mkanda uliotumika.

Halafu aanze kutafuta mti mapema. Mti wa eshi ulikuwa rafiki wa ulingo huu: umenyooka, hauna matawi chini. Lakini mende wa kijani anayeuua aligunduliwa Michigan mwaka 2002 na Ohio mwaka 2003, na sasa misitu ya huku imejaa eshi zilizokufa zikiwa zimesimama, magome yanabanduka, mbao ndani imekuwa kama biskuti. Hikori yenye magome ya mabanzi nayo haishiki waya vizuri. Novemba, gizani, bila majani, mti mfu na mti hai vinafanana. Mimi huenda mwezi wa 8, majani yakiwa bado juu, na ulingo mgongoni. Napanda mita mbili kwenye kila mti ninaoufikiria, nashuka, natia alama kwenye ramani ya simu, naenda mwingine. Mwaka jana nilijaribu miti 11 kwa siku moja.