Medali ya Lambert isitupumbaze

Ukisoma orodha ya wacheza gofu wa Olimpiki, Albert Bond Lambert amewekwa kama mshindi wa medali ya fedha ya mwaka 1904. Ni kweli, lakini hebu tuikague hiyo medali. Mashindano ya timu yalikuwa na timu tatu tu, zote za Wamarekani, wachezaji kumi kila timu, mashimo 36, mikwaju (mapigo ya mpira) ya wote ikajumlishwa. Timu tatu, medali tatu: hakuna aliyerudi mikono mitupu.

Kipimo cha haki cha uchezaji wake kiko Compiègne, Ufaransa, kwenye Olimpiki ya mwaka 1900. Walicheza wanaume 12, mashimo 36. Charles Sands alishinda kwa mikwaju 167, maana katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Lambert alipiga 94 katika mashimo 18 ya kwanza, kisha 95, jumla 189, akashika nafasi ya nane. Pengo la mikwaju 22 halitokani na shimo moja lililoharibika; ni zaidi ya nusu mkwaju aliopoteza katika kila shimo, asubuhi hadi jioni. Mchezaji wa ridhaa wa kawaida, basi. Tofauti yake ni kwamba familia yake ndiyo ya Listerine, ile dawa ya kusukutua mdomo, na hakuhitaji kuomba ruhusa kazini ili acheze.

Mimi namhesabia jambo jingine. Alirudi St. Louis, jiji la Marekani lililoandaa Olimpiki ya 1904, na wazo la kuingiza gofu humo, na baba mkwe wake, George McGrew, alikuwa na klabu ya Glen Echo. Hapo ndipo gofu ya 1904 ilipochezwa. Katika mchezo wa mmoja mmoja, waliingia 32 bora baada ya mchujo, halafu shimo kwa shimo: anayeshinda mashimo mengi ndiye anayepita, hata akiwa na mikwaju mingi zaidi. Lambert alitolewa robo fainali. Mkanada George Lyon, miaka 46, akamshinda kijana Chandler Egan fainali kwa 3 na 2, yaani alitangulia kwa mashimo matatu huku yamebaki mawili. Hapakuwa na haja ya kuendelea.

Baadaye Lambert akahamia kwenye maputo na ndege. Mwaka 1920 alikodi shamba nje ya St. Louis, akalisafisha kwa fedha zake liwe uwanja wa ndege, baadaye akalinunua, na mwaka 1928 akaliuzia jiji. Uwanja huo mpaka leo una jina lake.