Fangasi wa Mama

Nimetoka duka la dawa sasa hivi, jasho halijakauka, na niseme mapema tu kwamba pale sirudi hata nishikwe na malaria ya kupanda kichwani. Mtu mzima mimi, shati nimechomekea, kitambi cha heshima, nimeshauriwa mbele ya foleni niache pombe.

Kisa slaidi. Vile vipicha vya filamu kwenye fremu ya karatasi ngumu, unatia kwenye projekta vinatokea ukutani, vijana kama hamvijui shauri yenu. Mzee wangu alikuwa mpima ardhi, TANU ilipoamua 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma na yeye akaja huku kupiga vigingi porini, kamera shingoni. Akaacha slaidi themanini na ushee. Shangazi akazibeba, "nikutunzie mwanangu", akazisukumia mvunguni kwake Tanga miaka 20. Tanga! Unaiacha Dodoma ambako hata ulimi unakaukia mdomoni, unapeleka picha sehemu ambayo chumvi yenyewe inatoka jasho. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 na kitu fangasi wanaanza kufungua matawi, na chakula wanacho, maana picha imebebwa na gelatini, na gelatini ni ngozi na mifupa ya mifugo iliyochemshwa. Supu ya makongoro ikilala si unaikuta imeganda asubuhi? Ndo hiyo. Shangazi kawapikia fangasi makongoro miaka 20, halafu jana ananiandikia kwenye grupu la familia, watu 43 wanasoma, "ile picha ya wifi mbona huitumi, au umeuza?"

Basi nikasoma nikaelewa, inatakiwa alkoholi ya isopropili, ya asilimia 99, maji mwiko. Nikaenda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nina shida ya fangasi."

Binti akashusha sauti, ana adabu. "Wako wapi baba?"

"Walianzia Tanga."

"Namaanisha sehemu gani ya mwili."

"Aa, wako kila mahali, ila wamezidi kwa mama, usoni."

"Pole. Ana muda gani nao?"

"Miaka 20."

Kalamu ikasimama. "Wanamwasha?"

"Hawawashi, wanakula. Sikio la kushoto limeshaenda."

Nyuma yangu bibi mmoja akatua kikapu chini, "Yesu wangu!"

"Baba, huyo mama mlete aonekane, hiyo si ya kununua dawa juu juu."

"Mama alifariki 1998."

Kimya kikapita hapo, nikasikia feni inavyolia. Kijana wa bodaboda ndo akaanza kucheka kwa ndani, helmeti inatikisika. Ikabidi nitoe slaidi kwenye bahasha niinyanyue kwenye taa waone, zile nyuzi nyeupe zilivyotambaa kama mizizi. Kosa kubwa. Foleni nzima ikahamia kwangu, kila mtu anataka kumwona marehemu, mmoja anasema geuza, mwingine anasema huyu mbona anafanana na mtu wa Kondoa, na yule bibi, Mungu amsamehe, akalamba kidole, "lete baba nifute na mate kidogo, inatoka hii." Nikamdaka mkono bibi wa watu! Nikapiga kelele "USILOWESHE MAMA!" hadi wa duka la jirani wakachungulia.

Nikarekebisha kola. Nikamwambia binti, kwa utulivu, nipe alkoholi ya asilimia 99.

"Ipo spiriti, asilimia 70."

"Hiyo 30 iliyobaki ni maji, hainifai."

"Baba, hata hiyo 70 ni kali sana."

"Mi nataka kali kuliko hiyo."

Akaniangalia macho, akaniangalia mikono, na mikono ilikuwa inatetemeka kwa hasira. "Unatumia kila siku?"

"Nina themanini za kumaliza, wiki nzima nitakuwa natumia."

"Baba," akaniinamia, "kuna watu wameacha kabisa. Inawezekana."

Bibi: "Amina."

Mnadhani naogopa maji kwa ushamba? Juzi fundi wa picha za paspoti kafuta moja na kitambaa kibichi kabla sijafungua mdomo. Fangasi wakishaitafuna gelatini, maji yakigusa inayeyuka, basi mzee, Land Rover na kilima cha Mlimwa wakahamia kwenye kitambaa, fremu ikabaki dirisha. Na slaidi haina negativu pembeni, hiyo hiyo ndo picha yenyewe, ikienda imeenda. Ananiambia samahani mzee, ilikuwa chafu. Na buku mbili yake kachukua! Ya kazi gani? Ya kumfuta baba yangu?

Mwenye alkoholi kumbe ni fundi simu wa Majengo, wanasafishia bodi. Kanimiminia kwenye kichupa, hakuuliza hata naumwa nini.

Sasa niko barazani, barakoa usoni maana vumbi la fangasi si la kuvuta, nimeanza upande unaong'aa kwa pamba ya masikio, pembeni kwanza, taratibu. Ule wenye picha ndo wa kuogopa. Mama anatokea. Khanga nyekundu, nyekundu kweli, filamu ya Kodachrome hii, wenyewe waliacha kuitengeneza 2009 ila rangi imekomaa. Jicho moja. Anacheka na mtu ambaye hayumo kwenye picha. La pili bado liko chini ya nyuzi, hapo sijui nisogee au niache, na huu upepo wa Dodoma nao, na kuku wa jirani anapita pita mezani kana kwamba analipa kodi, na jirani mwenyewe kashusha lori la kokoto mlangoni kwangu tangu Jumatatu, nikimuuliza anasema zinaondoka kesho, kesho ya wapi hiyo...

Ngoja. Bomba linakohoa. Maji yametoka! Siku nne hayapo, yanakuja leo nikiwa nayakimbia. Wee Juma, kuku huyo toa mezani! Na ile ndoo yenye mfuniko nani kachukua?