Siku Nilipomfundisha Mpwa Wangu Moto

Balaa lenyewe lilianza kwa mafanikio. Nilisimamisha mshumaa katikati ya sahani yenye maji, nikauwasha, nikaufunika kwa glasi. Mwali ukanywea, ukayumba mara mbili tatu, ukafa. Papo hapo maji yakapanda ndani ya glasi. Mpwa wangu, mwenye miaka 9, akapiga makofi.

"Umeona?" nikasema, kichwa kimeshavimba. "Kuungua ni kuungana na oksijeni. Hewa ina oksijeni asilimia 21 hivi. Mshumaa umeila yote, maji yakaja kujaza pengo."

Akaitazama glasi, kisha akanitazama mimi.

"Mjomba, kama ulikuwa unaila kidogo kidogo, mbona maji nayo hayakupanda kidogo kidogo? Yamengoja uzimike ndipo yakakurupuka."

Nikakohoa. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mtoto alikuwa amepatia na mimi nilikuwa nimebugi: mwali huipasha moto hewa ya ndani, ukizimika hewa ile inapoa na kusinyaa, na hewa ya nje inayasukuma maji yaingie. Tena mshumaa hauimalizi oksijeni. Unazimika ikiwa imebaki kama asilimia 16. Lakini siku hiyo sikuyajua hayo, na kukiri mbele ya mtoto wa darasa la tatu kulinishinda.

"Hayo ya mshumaa ni ya watoto," nikasema. "Ngoja nikuonyeshe chuma kikiungua."

Nikachukua donge la nyuzi laini za chuma, zile za kusugulia masufuria. Msumari hauwezi kuungua hivi hivi, nikamweleza, maana hewa inaugusa kwa nje tu. Nyuzi nyembamba zinaguswa kila upande. Hapo nilikuwa sahihi, na naomba ikumbukwe. Nikaligusisha betri ya volti 9. Vidoa vyekundu vikaanza kutambaa kutoka uzi hadi uzi kama siafu waliotiwa rangi. Hakuna mwali. Mpwa akaachama mdomo. Heshima yangu ikarudi.

"Mjomba," akasema, "siafu wanakuja kwenye vidole vyako."

Ni kweli, donge nilikuwa nimelishika kwa vidole.

Nikapuliza. Mshumaa ukiupuliza unazimika kwa sababu kinachoungua pale ni mvuke wa nta, na pumzi inaufukuza kutoka kwenye utambi. Chuma hakina mvuke wa kufukuzwa, kinaungua chenyewe. Na pumzi tunayotoa bado ina oksijeni kama asilimia 16, achilia mbali hewa mbichi inayokokota njiani. Kwa hiyo nilidhani nazima, kumbe navuvia. Donge likawaka jekundu kama jiko la fundi chuma. Nikapuliza tena, kwa bidii zaidi. Kisha nikalirusha.

Sakafu nzima ilikuwa tupu. Mimi nikalipeleka kwenye ndoo ya taka, ndoo ya bati iliyojaa karatasi.

Sasa mwali ulikuwepo. Nikaidaka ndoo nikatimua mbio kuelekea nje, na sijui nani aliwahi kunidanganya kwamba moto ukikimbizwa unachoka. Kila hatua nilikuwa naupepea. Nilipofika mlangoni ulikuwa umenifika kifuani.

"Simama, Mjomba! Unaupa oksijeni!"

Somo langu mwenyewe, nusu saa baada ya kulifundisha.

Nikaitua ndoo chini. Mpwa akaja mbio na sinia la bati, akalisukumia juu ya ndoo kwa mpini wa fagio, bila hata kukaribia. Mlio wa moto ukakatika. Moshi kidogo ukajipenyeza pembeni, ukaisha. Kazi ya sekunde tano.

Kisa kingeishia hapo, ila mimi nilitaka kuhakikisha.

Hesabu nusu dakika. Nikainama juu ya ndoo, nikafunua sinia kidogo nichungulie. Mle ndani karatasi zilikuwa bado za moto, moshi wake umejaa tele, na vyote vilikuwa vinasubiri kitu kimoja tu. Wazima moto hawafungui ovyo mlango wa chumba kilichojifungia moto, na sababu ni hiyo hiyo. Mimi niliipeleka hewa kwa mkono wangu, na uso nikautanguliza.

Ndoo ikasema: fuuu!

Dada yangu aliporudi alitukuta tumekaa kimya nje, mimi upande huu wa ndoo, mwanawe upande ule, amelikalia sinia kwa macho ili nisiliguse tena. Dada akanitazama usoni kwa muda, kama mtu aliyeingia chumbani akahisi kuna kitu kimehamishwa.

"Kaka, nyusi zako ziko wapi?"

Nikafungua mdomo nijieleze. Mpwa akaniwahi.

"Zimeungana na oksijeni, mama."