Mkono wako hauna kosa, pima shingo ya gitaa

Gitaa langu la kwanza nililinunua Kariakoo kwa sababu lilikuwa linang'aa. La nyuzi za nailoni, rangi ya asali. Nikapanda nalo daladala ya Mbagala nimelikumbatia kama mtoto mchanga, konda akanidai nauli ya watu wawili. Miezi mitatu baadaye, kila nikibana kodi ya F, yaani nyuzi kadhaa zinazolia kwa pamoja (si kodi ya TRA), kiganja cha kushoto kinawaka moto. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na jibu moja tu: "Vumilia kijana, vidole vitazoea."

Vidole vilizoea. Kiganja kilikataa.

Hapo ndipo ninapoachana na walimu wengi wa gitaa. Maumivu ya ncha za vidole hayaepukiki, ngozi inakomaa na yanaisha. Lakini ukiumia kwenye shina la kidole gumba au kwenye kifundo cha mkono, usikimbilie kujiita mvivu. Chukua rula ya mwanafunzi upime shingo pale kwenye nati, kile kipande chembamba ambacho nyuzi hupita zikielekea kichwani. Gitaa la nailoni huwa na upana wa milimita 52 hivi. La nyuzi za chuma, mara nyingi 43 au 44. Stratocaster, gitaa la umeme la Fender, kama 42. Milimita kumi ni kitu gani? Ni kitu, kama kidole cha shahada kinatakiwa kulala juu ya nyuzi zote sita na vingine vitatu vinafanya kazi yao. Shingo ikiwa pana, kidole gumba kinateremka nyuma, kifundo kinapinda, na ukikibana kikiwa kimepinda dakika kumi tu utaitafuta barafu.

Dukani watakuambia: kaka, mkono wako mdogo, chukua shingo nyembamba. Niliusikiliza ushauri huo, nikaazima kwa rafiki gitaa la umeme aina ya Ibanez, yale yenye shingo ambayo karibu na nati haifiki milimita 20 kwa unene. Wiki ya kwanza nilijiona nimepona. Ya pili, gumba likaanza kuuma upya. Aliyewahi kuchota maji anaelewa kwa nini: ndoo yenye mshikio wa waya inakata kiganja, ukiuzungushia kitambaa maji ni yaleyale lakini yanabebeka. Shingo nyembamba mno haina cha kujaza kiganja, kwa hiyo unaibana kwa nguvu bila kujua. Leo napiga yenye milimita 22, mgongo wake wa mviringo, na mkono wangu ni uleule mdogo.

Urefu wa uzi, kutoka nati hadi daraja, yaani pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, nao una neno lake. Magitaa mengi ya Fender ni milimita 648, ya Gibson 628 hivi. Kwenye urefu huo mfupi freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zinasogeleana kidogo sana, ila kwa nyuzi za unene uleule na sauti ileile, mvutano unapungua kwa karibu asilimia sita. Vidole vinaliona hilo kabla ya macho. Kuhusu mviringo wa ubao wa vidole, ule uso wa shingo tunapobania nyuzi, watu hubishana mpaka usiku. Kwa sisi tunaofuata solo za dansi, sauti mbili mbili huko juu karibu na freti ya 12, bila kuvuta sana nyuzi, sioni kama unastahili ugomvi.

Kinachostahili ni nati. Magitaa mengi ya bei ya chini niliyoyashika mjini yana nati iliyochongwa juu mno, na mnunuzi anailaumu shingo nzima. Bana uzi kwenye freti ya tatu, kisha utazame juu ya freti ya kwanza: panatakiwa kubaki upenyo mdogo mno, kama unywele. Ukiona kadi ya benki inapita, F itakutesa hata shingo iwe ya dhahabu. Fundi mwenye tupa nyembamba anamaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa.

Lile la nailoni nilimpa binti mmoja wa kwaya. Sikumwonea huruma, nilitaka nafasi chumbani. Jumapili iliyofuata nikamkuta ameweka mguu wa kushoto juu ya kigoda, gitaa juu ya paja hilohilo, shingo imeelekea juu kiasi kwamba kifundo chake kimenyooka kabisa. Mimi miezi yote ile nilikuwa nalilaza kwenye paja la kulia kama mpiga dansi. Vidole vyake ni vifupi kuliko vyangu, na F yake inalia safi. Nimemwomba aniazime wiki moja tu. Amekataa.