Raba ya robo milioni kwa mtoto wa kidato cha pili

Mzazi wa Mwanza ambaye mtoto wake amefika kidato cha pili huanza kudaiwa kitu ambacho hakikuwa na uzito mtoto alipokuwa shule ya msingi: raba za Nike au fulana yenye nembo inayojulikana. Sare huwasawazisha vijana siku za shule, lakini masomo ya ziada ya Jumamosi, ibada, sikukuu na mahafali humlazimu kila mmoja avae alichonacho, na hapo hali za nyumbani huonekana wazi. Ombi hilo linastahili kupimwa kwa makini, kwa kuwa mzazi anayekubali au kukataa bila maelezo humwacha mtoto asijue fedha za nyumba yao huamuliwaje.

Raba mpya halisi ya Nike aina ya Air Force 1 huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 100, kiasi kinachokaribia robo milioni ya shilingi kabla ya usafirishaji na ushuru. Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma, baada ya nyongeza iliyoanza Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mtumishi wa ngazi hiyo angetoa takriban nusu ya mshahara kwa pea moja. Mama anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba yuko katika hali ngumu zaidi, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza na biashara yake hupungua mbalamwezi inapokolea, hivyo hana hata mshahara wa uhakika wa kuugawa. Zaidi ya hayo, mguu wa mvulana wa miaka 14 bado unakua, na raba inayomtosha leo huenda ikambana kabla hajafanya mtihani wa kidato cha nne.

Hata hivyo, wanaotetea kununua kitu cha bei wana hoja nzito kuhusu viatu. Kijana anayeteremka na kupanda njia za mawe za Igogo au Mabatini kila siku humaliza haraka soli dhaifu, na mzazi anayenunua raba hafifu mara tatu kwa mwaka anaweza kujikuta ametumia zaidi ya yule aliyenunua imara mara moja. Hoja hiyo lakini haihamii kwenye fulana, kwa kuwa nembo iliyochapwa kifuani haiongezi uimara wa pamba, na sehemu kubwa ya bei yake hulipia jina na matangazo.

Tena, bei kubwa dukani si uthibitisho kwamba bidhaa ni halisi. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza bidhaa bandia, lakini raba mpya zenye nembo ya kuigwa bado zinauzwa, na mzazi asiyejua kuzikagua anaweza kulipa fedha ya halisi akapewa bandia. Kwa upande mwingine, pale soko la Mlango Mmoja, mchaguaji mwenye subira hupata katika mitumba raba halisi iliyovaliwa kidogo kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya. Kwa maoni yangu hapo ndipo familia nyingi zingeanzia, kijana mwenyewe akiwepo, akague mshono na soli, ajadiliane na muuzaji na ajue thamani ya anachokitaka.

Lakini isije ikadhaniwa kwamba hamu ya kijana ni majivuno matupu. Kuchekwa na wenzake katika umri huo kunaumiza kwelikweli, na mzazi anayemjibu kwamba yeye alisoma peku hamsaidii, kwa maana mtoto anaishi na wenzake wa leo. Anachohitaji ni kuonekana nadhifu na wa rika lake, jambo ambalo mara nyingi hutimizwa na nguo chache safi zinazomkaa vizuri.

Kuna pia wazazi wanaosema kwamba binti asiponunuliwa atanunuliwa na mafataki, yaani wanaume watu wazima wanaowarubuni mabinti. Hofu hiyo ina msingi na haifai kudharauliwa, ila sikubali kwamba dawa yake ni kushindana nao kwa zawadi, kwa sababu wao hawakosi cha kuongeza. Binti anayeweza kuomba bila kuogopa na kuelezwa kwa heshima kwa nini leo haiwezekani ana sababu ya kurudi kwa mama yake anapotongozwa kwa zawadi ya simu au viatu.

Ninachokipinga bila kusita ni kukopa kwa ajili ya nembo, hasa mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, ambayo marejesho yake hula fedha ya chakula na ya daftari za wadogo wa kijana huyo. Penye uwezo, mzazi atenge kiasi kinachotosha kiatu kizuri cha kawaida, na kijana anayetaka cha jina ajazie tofauti kwa kazi halali ya likizo au kwa kuacha nguo nyingine za mwaka huo. Akikataa kujazia, amekwisha kusema jinsi anavyokihitaji. Akikubali, anunuliwe, na wadogo zake waelezwe waziwazi kwamba nao wakifika umri huo watapewa nafasi ileile.