Hospitali ilikuwa na bima, mtoto hana wa kumlipa

Wiki iliyopita mama mmoja aliniomba nimsomee barua. Kusoma anajua, na barua yenyewe alishaisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Alitaka tu mtu mwingine aisome, amwambie kama ameielewa sawasawa. Alikuwa ameielewa sawasawa. Hospitali aliyojifungulia miaka tisa iliyopita inakiri kwamba siku ile ilikuwa na bima. Inasema leo pia ina bima. Na inasema kati ya hizo mbili, hakuna inayomhusu mwanawe.

Mtoto mwenyewe alikuwa ameegemea bega la mama yake muda wote, maana shingo yake haijawahi kukaza. Kila baada ya dakika chache mama alimfuta mdomo kwa kitambaa huku anaendelea kuongea, mkono unakwenda wenyewe.

Nimeshika hesabu za hospitali kwa miaka na nimekaa kwenye vikao vingi vya kuhuisha bima, kwa hiyo nilijua kilichotokea kabla sijafika ukurasa wa pili. Hospitali ilihama kampuni ya bima. Basi.

Bima nyingi za makosa ya tiba siku hizi haziangalii siku ya tukio, zinaangalia siku dai lilipoletwa. Utaratibu huu ulishika kasi Marekani katikati ya miaka ya 1970, makampuni yalipochoka kudaiwa kwa mambo ya zamani ambayo hayakuwa yamekadiriwa kwenye ada. Anayelipa ni yule mwenye hati siku dai linapofika, tena kwa sharti kwamba tukio liwe limetokea baada ya tarehe iliyoandikwa kuwa mwanzo wa dhamana yake. Sasa hama ukifuata ada nafuu, halafu kampuni mpya iandike tarehe ya leo. Yote ya nyuma yamebaki bila mwenyewe. Kuna dawa yake: unanunua kwa kampuni unayoiacha muda wa nyongeza wa kupokea madai, watu wa bima wanauita mkia. Mkia mara nyingi bei yake inazidi ada ya mwaka mzima, na hapo ndipo watu wanapouruka.

Nakumbuka kikao kimoja. Mashine ya CT tuliijadili karibu saa nzima: ikiungua itakuwaje, umeme ukiiharibu itakuwaje, mapato tutakayokosa ikiwa mbovu atafidia nani. Maswali ya maana yote. Tulipofika kwenye dhima ya kitaaluma, yaani bima ya makosa ya tiba, dalali wa bima akasema, "Hapa tumewapunguzia." Mwenyekiti akashukuru, tukafungua ukurasa unaofuata. Hakuna aliyeuliza tarehe. Mimi nilikuwemo, na mimi sikuuliza.

Sibishani na bima za majengo na mashine. Kimbunga Sandy kilipopiga mwaka 2012, hospitali ya NYU Langone jijini New York ilipoteza umeme, jenereta za akiba zikashindwa, wagonjwa zaidi ya 300 wakahamishwa usiku. Mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kikavuruga kompyuta za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, miadi ya wagonjwa kwa maelfu ikafutwa. Kata bima hizo zote.

Lakini mashine ikiungua leo, dai linaandikwa kesho. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa haonekani hivyo. Kwanza wazazi wanaambiwa wawe na subira, kuna watoto huchelewa. Anafika umri wa kukaa, hakai. Anafika umri wa kusimama, hasimami. Mpaka daktari mwingine alifungue faili la kujifungua na kuuliza mbona mama alisubirishwa saa zote hizo, miaka imekwenda. Sheria inalijua jambo hili. Uingereza mtoto ana mpaka anapotimiza miaka 21 kufungua kesi, na kama akili yake haimruhusu kusimamia mambo yake, muda huo hauanzi hata kuhesabiwa. Sheria inampa miaka 21. Hati ya bima inahuishwa kila baada ya miezi 12, na mtu mmoja anayetafuta punguzo anaweza kuufuta ulinzi wote wa mtoto kwa saini moja.

Tena si lazima hospitali ihame kwa hiari. Desemba 2001 kampuni ya St. Paul, miongoni mwa kubwa kabisa katika bima hii Marekani, ilitangaza kuachana na biashara hiyo.

Ada ni nzito, hilo nalikubali kwa shingo upande. Kituo kidogo kikibebeshwa kila kitu kinaweza kufunga wodi ya wazazi, na hapo akina mama wamepoteza zaidi. Basi mzigo ubebwe kwa pamoja. Uingereza hospitali za NHS zimekuwa zikichangia mfuko mmoja wa madai ya uzembe wa tiba tangu 1995. New Zealand, tangu 2005, aliyeumizwa na tiba hatakiwi kuthibitisha nani alikosea ndipo afidiwe.

Ninachotaka hakihitaji hata mfuko mpya. Anayetoa leseni ya hospitali asiishie kuuliza kama bima ipo. Aulize inaanzia tarehe gani. Hospitali isiruhusiwe kuhama mpaka mkia ulipiwe au kampuni mpya iipokee tarehe ya zamani kwa maandishi. Na hati hiyo itundikwe mapokezi, kando ya leseni, mwenye kujifungua aione kabla hajapanda kitandani.

Kabla hajaondoka, mama aliuliza ingekuwaje kama angekuja miaka mitatu mapema. Nikaangalia tarehe kwenye barua. Hospitali ilihama mtoto akiwa na miaka saba. Nikamwambia kweli: kampuni ya kumjibu ingekuwepo. Akakunja barua kwa mikunjo ile ile, akamnyanyua mwanawe.